Mrithi wa Karakana ya Majeneza

"Karibu tena," kijana alimwambia mteja aliyekuwa akitoka mlangoni na jeneza la mama mkwe wake.

Mteja akasimama. Wabebaji wakasimama. Jeneza lenyewe, lingekuwa na shingo, lingegeuka.

Katika karakana ile sheria zilikuwa chache, na ya kwanza ndiyo hiyo: mteja haambiwi karibu tena, wala haulizwi kama bidhaa imemkaa vizuri. Kijana aliijua sheria hiyo tangu hajang'oka meno ya utoto. Lakini siku zile kichwa chake hakikuwa karakanani. Kilikuwa kimetangulia chuoni.

Alikuwa ameitwa kusomea utabibu. Mtaa mzima ulishaanza kumwita Daktari, na wazee walimtolea ndimi njiani awapime, bila kuombwa. Tatizo lilikuwa nyumbani. Baba yake, Fundi, aliishi kwa kuuza majeneza. Mtoto wa muuza majeneza kwenda kuzuia watu wasife: kama hiyo si hujuma, basi hujuma haijaumbwa.

Alimpa baba habari hiyo wakiwa wanapiga msasa kifuniko kimoja, huyu huku, yule kule. Fundi akaacha kupiga msasa.

"Hongera, mwanangu." Akakuna kidevu. "Mko wengi mlioitwa?"

"Darasa moja tu, baba."

"Na hakuna anayeghairi?"

Aliuliza hivyo huku anakitazama kifuniko, kwa macho ya mtu anayeomba kitu ambacho anaona haya kukiomba.

Daktari akaelewa. Mtoto mwenye akili haambiwi mara mbili.

 Tangu hapo akaanza kuona mambo. Fundi alimpa mtengeneza viti wa ng'ambo ya barabara randa yake, randa ambayo hakuwahi kumwazima hata ndugu yake wa damu. Kila alasiri alitoweka, akarudi macho mekundu. Akiulizwa, anasema ni vumbi la mbao. Na siku moja mzee mmoja, mtu wa kupenda kujipanga mapema, alikuja kuagiza jeneza lake mwenyewe la mwezi ujao, Fundi akamkatalia.

"Mwezi ujao sijui nitakuwa wapi."

"Hata mimi sijui," mzee akamjibu. "Ndiyo maana naagiza."

Aliyemaliza kazi alikuwa mama wa jirani, muuza mashada ya maua.

"Daktari, njoo. Juzi nimemwona mzee wako anatoka hospitali. Kakunja mkono wa shati, kabana pamba hapa."

"Hukumwuliza?"

"Nimemwuliza, kanikimbia! Mtu mzima, na magoti yale."

"Hakusema kitu?"

"Kasema nisikuambie. Ndiyo nakuambia."

Daktari akarudi karakanani, akaketi kwenye lundo la maranda ya mbao. Ada yake yote ya bweni ilitoka humu. Kila muhula wa shule ulikuwa misiba ya watu; mtaa ulizika, yeye akasoma. Sasa ugonjwa umeingia nyumbani kwake mwenyewe, na yeye anafunga sanduku la safari ili akatibu wazazi wa wenzake. Tabibu gani huyo, anayeanza kazi kwa kumruka baba yake mlangoni?

Na alikuwa anautaka utabibu. Hilo ndilo lililomchoma. Aliutaka kiasi kwamba kila akimpima marehemu urefu alitamani kuuliza alikuwa anasumbuliwa na nini.

Asubuhi iliyofuata akajifungia stoo ya mbao, akapiga simu chuoni.

"Una hakika, mwanangu?" mama wa ofisini akamwuliza. "Nikishaifuta nafasi yako, hairudi. Anapewa mwingine leo leo."

"Apewe, mama."

"Niandike sababu gani?"

"Ya kifamilia."

Akakata simu. Akakaa juu ya jeneza la mtu mfupi, akalia kwa adabu, asije akalowesha vanishi.

Alasiri Fundi alirudi mapema, anahema, shati limechomoka kwenye suruali. Akamkuta mwanawe amevaa aproni ya kazi na amesimama wima kama askari wa zamu.

"Baba, nina neno."

"Lako litasubiri, langu limenikaba koo mwaka mzima." Fundi akashika ukingo wa meza. "Nimekukosea, mwanangu. Kuna jambo nimekuficha."

"Najua, baba. Unaumwa."

"Naumwa? Nani kasema? Ni yule mama wa mashada, eh? Mimi nimepimwa mpaka kucha, nimekutwa mzima kama jiwe!" Akashusha sauti. "Nilikuwa nakwenda shule. Ile ya watu wazima. Nimechoka kuwapokea watu wakiwa wameshachelewa, ndiyo nami nikaomba utabibu. Wakaniweka akiba, nisubiri nafasi, nami nikaenda kupima afya kama walivyotaka. Siku uliyoniambia wewe umeitwa, badala ya kufurahi nikakuonea wivu. Mtoto wa kumzaa mwenyewe! Tangu siku ile nimeshindwa kukutazama usoni."

Daktari akashika kamba za aproni.

Fundi akamvuta, akamkumbatia na aproni yake yote, akamnyanyua mpaka viatu vikaacha sakafu.

"Yamekwisha! Karakana nimemwuzia yule wa viti, anahamia kesho. Tutakaa dawati moja, mimi na wewe!" Alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka. "Wamenipigia leo. Wanasema asubuhi kuna mpumbavu mmoja kaghairi."