Chupa Mbili za Dawa ya Injini

Dada yake Mzee Mbaruku alikuwa mahututi ng'ambo ya milima, na salamu zilikuja kwamba haulizi lingine ila, "Kaka kafika?" Basi asubuhi ile Mbaruku, asije akaaibishwa njiani na gari lake kuukuu, alimimina kwenye oili dawa ya kusafishia injini. Chupa moja ilitosha. Yeye akatia mbili, akaliacha lingurume hata chai yake ikapoa.

Sasa oili ilichuruzika kila upande, nyeusi kama wanja.

"Mzee wangu," fundi Shelali alisema akitoka uvunguni, "injini kongwe haioshwi hivi. Ule uchafu ndio uliokuwa ukiziba nyufa zake."

"Nilitaka tufike salama, baba."

"Najua. Lakini leo haliendi. Wala kesho."

"Na basi la abiria?"

"Limepita jana, mzee. Mpaka Ijumaa ijayo."

Mbaruku alipanda garini na kanzu yake ya safari, akafunga mlango polepole, akashika usukani kwa mikono miwili. Chini yake oili ilijikusanya, ikapita langoni, ikashika njia ya milimani.