Sabufa ya Verlin

"Kikombe kimoja tu kikivunjika huko juu," Nadine alisema, "hilo dude linarudi dukani leo leo."

Verlin Hruska, mumewe, aliendelea na kazi. Alikuwa akitambaa kwa magoti katika chumba cha chini ya nyumba, alichokigeuza sinema, huku akisukuma sabufa kubwa kama mashine ya kufulia. Kona ya kwanza haikumridhisha. Ya pili ilipitiwa na bomba. Ya tatu akaigonga kwa kidole, akatega sikio, akatabasamu.

"Hapa ndipo besi itakapokaa. Nebraska nzima hakuna kitu kama hiki."

Orval, kaka yake Nadine, alipewa kazi ya umeme. Alivua vifaa vyake vya kusikia akavitia mfukoni, maana Verlin alimwonya kwamba masikio yangemuuma. Kisha akajipenyeza nyuma ya kochi, waya wa sabufa mkononi, makalio juu.

Verlin hakuwa na subira. Akazima taa, akaweka filamu ya vita. King'ora kikalia. Askari wakakimbilia mahandakini. Nadine akakaa na bakuli la bisi, uso ameukunja.

Mwanzoni ilikuwa kama lori linalopita mbali. Halafu sakafu ikaanza kutetemeka. Bisi zikacheza bakulini. Vumbi likadondoka kutoka darini, na Nadine akahisi masikio yameziba kama mtu aliye ndani ya ndege.

"Unaisikia mpaka tumboni?" Verlin aliuliza kwa sauti ya juu, machozi yakimlengalenga.

"Punguza."

"Nimeshapunguza."

Huko juu kitu kikaanguka. Kikafuata kingine, kizito zaidi; Nadine akakisia ni kabati. Mngurumo ukazidi, ukawa kama treni ya mizigo imepita katikati ya sebule. Alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Tangu waoane, hakuwahi kumwona mumewe akinunua kitu kinachofanya kazi.

Ghafla picha ikakatika. Giza tupu. Mngurumo ukaendelea kidogo, ukafifia, ukaisha.

"Umeona nguvu hiyo?" Verlin alisema. "Umeme umekatika, yenyewe bado inamalizia."

"Umeunguza fyuzi, mwanamume wewe." Nadine akashusha pumzi. "Lakini nakiri. Ibaki. Hata kama vikombe vyote vimekwisha, ibaki."

Verlin akamtafuta mkono gizani, akaushika. Mara ya mwisho kuambiwa neno tamu kama hilo alikuwa bado na nywele. Wakapanda ngazi pamoja wakaangalie hasara, wakapapasa kitasa, wakausukuma mlango wa jikoni.

Jua likawapiga usoni.

Jiko halikuwepo. Sebule haikuwepo. Palipokuwa na paa palikuwa na mawingu yanayokimbia, mbali mashambani mkia wa kimbunga ukiyoyoma, na pale penye friji alisimama ng'ombe wa jirani, anatafuna pazia.

Walibaki wamesimama mlangoni, midomo wazi, bado wameshikana mikono.

Kutoka gizani kule chini, nyuma ya kochi, sauti ya Orval ikapanda.

"Soketi nimeipata, shemeji. Niichomeke sabufa sasa?"