Kidole cha Rabi

Kila Ijumaa kabla ya kuchinja, Malakia alimpelekea rabi kisu chake. Mzee alikipapasa makali kwa ncha ya kidole, maana pengo dogo tu lingeharamisha nyama ya mji mzima.

"Laini kabisa, mwanangu. Kachinje."

Ijumaa hii Malakia alipigwa na butwaa. Kidole cha rabi kilikuwa kimechanika, damu ikitiririka mpaka kiganjani, naye mzee anatabasamu! Kidole hicho hakisikii tangu lini? Na nyama yote ile waliyokwisha kula?

"Rabi, husikii maumivu?"

"Maumivu gani?" Rabi aliinamia mkono wake, akaduwaa. "Malakia, hii damu ya nani?"

"Malakia, jua linazama, Sabato haitungoji!" wanawake waliita kutoka uani, kila mmoja na kuku wake kwapani.