Komeo la Udongo

"Ndiyo dawa hiyo? Matope?"

Mama alilisukuma donge la udongo, bilauri ya maji ikacheza mezani. Upande wa pili mshauri nasaha, binti mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, aliishika isianguke. Kwenye kiti cha pembeni kijana wa mama huyo alikuwa ameinamisha kichwa, kiganja kimefungwa bendeji.

"Mtu mzima huyu! Fundi wa kuchomelea, mageti ya matajiri yanatoka mikononi mwake. Leo unampa udongo kama mtoto wa chekechea?"

"Mikono husema yanayoushinda mdomo, mama," mshauri alijibu taratibu. "Kama yeye hawezi kuanza, anza wewe."

"Mimi? Mimi nimemsindikiza tu."

Kilichowaleta pale ni kiganja hicho. Kijana alisinzia kazini, moto ukamla ngozi, na mwenye karakana akasema wazi: akisinzia tena, atafute pa kwenda. Mama hakushangaa. Mtoto halali! Kila mama anaposhtuka usiku humkuta amesimama mlangoni na bilauri ya maji mkononi, macho makavu kama ya samaki wa sokoni. Akimuuliza ana nini, hujibu, "Sina kitu, mama. Kunywa maji, ulale." Halafu asubuhi moja akasema mwenyewe, "Mama, naumwa. Nipeleke kwa mshauri, peke yangu sitaweza." Nani angekataa?

"Tatizo lilianza lini?" mshauri aliuliza.

"Tangu tumzike baba yake."

"Baba alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mtu wa watu," mama alijibu, meno ameyabana. "Uliza mtaa mzima."

Kijana akalivuta lile donge, akaanza kulidonoadonoa kwa kidole kimoja, kama kuku asiye na njaa. Mama alivumilia kidogo tu. Yeye ni mkandaji wa kiwanda cha mikate, maisha yake yote ameyamalizia kwenye unga, na donge lililokandwa ovyo humuwasha kuliko upupu.

"Toa mkono! Hivyo ndivyo nilivyokufundisha? Unabonyeza kwa kisigino cha kiganja, unakunja, unabonyeza!"

Akalinyakua. Kijana akarudi kwenye kiti chake cha pembeni.

Ikawa ndiyo desturi. Kila wakija, kijana anaharibu, mama anapokonya, na mikono ikishaingia kazini mdomo nao unafunguka. Alimtukana msimamizi wa kiwanda. Alilitukana godoro. Alimtukana mshauri mwenyewe kwa kununua udongo wenye mchanga. Mshauri aliitikia, "Ehee, mama," akaongeza maji.

Siku moja mama alifika amevimba tangu mlangoni.

"Shemeji yangu amekuja tena kunipa pole! 'Umepoteza dume, shemeji.' Dume!" Akalibamiza donge mezani. "Anakula chakula changu, anajifuta mdomo, ananiambia dume!"

Alikanda bila kutazama. Udongo ukanyooka, ukawa kipande kirefu chenye kishikio. Vidole vikakunja pete mbili, vikakipitisha ndani yake.

"Umetengeneza nini, mama?"

Mama akatazama chini, kama aliyeletewa mzigo wa mtu mwingine.

"Komeo."

"La mlango upi?"

"Wa stoo."

"Linakaa ndani au nje?"

"Nje! Komeo la stoo hukaa nje, hujui?" Sauti ilipanda. "Chumvi ikizidi, stoo. Nikichelewa kutoka kazini, stoo. Nikicheka na jirani, stoo, giza, panya wananipita miguuni, na yeye sebuleni na wageni wake wanacheka! Halafu siku ya mazishi wanasimama mmoja mmoja, mtu wa watu, mtu wa watu, na mimi nimekaa naitikia kwa kichwa kama mjinga!"

Ngumi ikashuka. "Nifungulie!" Ikashuka tena. "Mbwa wewe, nifungulie!"

Bilauri ilipasuka. Watu waliokuwa wakisubiri kwenye korido walifungua mlango, mshauri akawaashiria waufunge. Kijana alikuwa amesimama, machozi yanamtiririka, lakini hakumgusa mama yake. Alimwacha apige mpaka komeo likawa bapa kama chapati, na mezani hapakuwa na kitu cha kupigwa tena.

Mama akajifuta mikono kwenye gauni, kifua kinapanda na kushuka.

"Ona sasa," alisema kwa hasira. "Nimemaliza muda wa mgonjwa."

Waliporudi wiki iliyofuata, hakungoja kukaribishwa.

"Amepona! Simkuti tena mlangoni. Analala, anakoroma kama mashine ya kusaga."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nina nini? Mimi nalala mpaka jogoo wa jirani anakata tamaa." Akavuta udongo, akaukanda, akausukuma pembeni. "Leo hatukai. Nakwenda kwa yule shemeji. Atanisikiliza leo, na akitaka kumlilia dume lake, akamlilie kwake, si kwangu!"

Akatoka. Viatu vyake vikasikika vikigonga korido yote.

Kijana alibaki nyuma, akachungulia mlangoni kuhakikisha yuko mbali.

"Mama hapigi mayowe usingizini tena, dada," alimnong'oneza mshauri. "Na mimi sasa nalala."

"Wewe mgonjwa!" sauti ya mama ikapasua korido. "Unatambaa?"

"Naja, mama!" Akamgeukia mshauri haraka. "Haya niambie, wiki ijayo niumwe nini?"