Povu la Nyumba ya Bi Mwanaidi

Sheria ilikuwa moja: kila nyumba ilitunza kipande chake cha bahari ndani ya kioo, na nyumba ambayo bahari yake ilinuka ilinyang'anywa samaki.

Asubuhi hiyo, mnusaji wa mtaa, mkaguzi wa bahari za nyumba, akiwa njiani, Zamda aliona povu la mtambo wa kuchuja maji limekufa. Uchafu uliopaswa kupanda na povu hadi kwenye kikombe cha juu ulikuwa ukiwarudia samaki.

"Umekipachika kikombe kwa mikono hiyo?" aliuliza mama mkwe wake, Bi Mwanaidi.

"Ndiyo, mama. Nilikuwa nimetoka kumpaka mtoto mafuta ya nazi."

"Basi umewapaka na samaki. Povu na mafuta havikai pamoja, mwanangu."

Hakumgombeza. Alikisugua kikombe kwa siki na maji ya moto, bila sabuni, akiizungusha brashi shingoni kwa upole wa mtu anayemwogesha mzazi wake. Zamda alimtazama, akatamani mikono kama ile. Kisha, ili asirudie kosa, akamwogesha mtoto kwa maji ya siki.

Povu likasimama tena, jeupe. Mnusaji akaja, akainama juu ya kioo, akavuta pumzi, akatabasamu. Akainama na juu ya mtoto.

"Hongera, Bi Mwanaidi. Nyumba yako haina harufu yoyote. Hata huyu mdogo."

"Ni kazi ya mkwe wangu," Bi Mwanaidi alijibu kwa fahari.

Zamda alimpakata mwanawe, akamnusa utosini. Akamnusa tena, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.