Kitambaa Chekundu

Fimbo ya Mama Justina ilizikwa pamoja naye. Vidole viligoma kuiachia, basi wakamlaza nayo kwenye jeneza, na Abeli, mwanawe wa kwanza, aliona kwa macho yake kifuniko kikipigiliwa misumari. Sasa nani huyu anayegonga nayo ukutani?

"Rudisha nyuma," alisema Abeli.

Deodata, mdogo wake, akarudisha. Walikuwa studio kwake, pale Keza, chumba kilichokuwa stoo, kuta zimezibwa kwa magodoro chakavu na magunia ya kahawa. Wimbo ulipofika kwenye kiitikio, chini ya biti na kinanda, Abeli akasikia kwenye hedifoni: ko, ko, ko. Halafu pumzi. Halafu kama mtu anasema neno.

Aliivua hedifoni haraka. "Haki ya Mungu, ni Mama!"

Nani asingeujua mlio ule? Tangu miguu imshinde, Mama hakuwa mtu wa kupayuka. Akitaka kitu aligonga ukuta mara tatu kwa fimbo, akangoja. Na chumba chake kilipakana na studio.

Huyu Deodata ndiye yule Deo Keza wa mtandaoni, na asikudanganye mtu kwamba ana kampuni nyuma yake. Anatunga mwenyewe, anaimba mwenyewe, biti anazipika mwenyewe kwenye kompyuta iliyokatika bawaba, kwa umeme wa sola. Akirekodi, anaziba masikio kwa hedifoni na kutundika kitambaa chekundu mlangoni. Kitambaa kikiwepo, hakuna hodi, hakuna kuita, hata nyumba iwake moto! Kwa hilo alikuwa mkali kweli kweli, na nyumba nzima ilishika adabu. Aliyewahi kuvunja sheria ni jogoo, na jioni yake aliliwa.

Mama alitaka binti awe nesi. Miaka sita ya muziki, hakuwahi kumwambia kwamba hata wimbo mmoja ni mzuri. Deodata alijifanya hajali. Alijali sana, tena ilimuuma. Ndiyo maana baada ya maziko alianza kumtengenezea wimbo, aupige Jumamosi hii, baada ya misa ya arobaini, mbele ya ukoo wote.

Kiitikio alikitoa kwenye viporo, ndivyo alivyoviita vipande vya zamani alivyorekodi akaviacha bila hata jina. Alivisikiliza vingi, akachagua kimoja kwa sikio tu, maana hajawahi kuimba vizuri vile. Tangu siku hiyo anaisikia fimbo humo, na hajalala vizuri.

Mlango ukasukumwa. Alikuwa shangazi yao, Koleta, aliyekuja kusaidia maandalizi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona nyuso zimewapauka hivyo?"

Abeli akamweleza. Shangazi Koleta hakushangaa hata kidogo. "Si anakataa? Huo muziki alikukatalia akiwa hai, anakukatalia na huko aliko. Ungekuwa nesi, siku ile pengine ungejua la kufanya."

Hapo alimchoma pabaya. Siku ile wote walikuwa shambani, Deodata peke yake ndiye aliyebaki nyumbani. Alipompelekea Mama uji, saa kumi alasiri, alimkuta ameshapoa. Amekwenda usingizini, watu walisema, hata hakuteseka. Deodata alilishika neno hilo, akalala nalo na kuamka nalo.

"Shangazi, sibishani na wewe," alisema. "Lakini nataka nimsikie mwenyewe anasema nini. Kama anakataa, Jumatatu nauza kompyuta hii na kila kilichomo, naenda kuomba chuo cha unesi. Naapa mbele yenu."

"Deo, usichokonoe," alisema Abeli. "Mwache apumzike."

"Yeye ndiye ananigongea, kaka."

Alichomoa hedifoni ili wasikie wote, akawasha spika. Akaanza kuumenya wimbo ganda kwa ganda. Alizima ngoma, akazima besi, akazima kinanda. Chumba kikawa kitupu, ikabaki sauti yake mwenyewe ikiimba, tamu ajabu, na nyuma yake ile fimbo. Ko, ko, ko. Shangazi Koleta akafanya ishara ya msalaba na kusogea karibu na Abeli.

"Bado haisikiki vizuri," Deodata alinong'ona. "Mimi mwenyewe ndiye ninayemfunika."

Ilibidi ajitoe. Ana programu ya kutenganisha sauti, ila inataka ipewe rekodi ya awali, jinsi ilivyotoka kwenye maikrofoni. Akaitafuta kwenye viporo, akaifungua. Kompyuta ikaandika siku na saa rekodi ilipofanyika.

Deodata alisoma. Akasoma tena. Tarehe ilikuwa ile ile waliyoiandika kwenye msalaba wa kaburi la Mama. Saa nane na dakika kumi, mchana.

"Kuna nini?" aliuliza Abeli.

Alitaka kuizima, lakini kidole kilikuwa kimeshabonyeza. Sauti yake ikafifia, ikafifia, ikatoweka. Ukuta ukagongwa mara tatu, hapo hapo, kama vile wamekaa naye.

"Deo... maji, mwanangu. Kifua hiki."

Fimbo ikagonga tena, mara moja tu, kwa unyonge. Kimya kirefu. Kisha Mama Justina akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekosa pumzi.

"Kumbe unaimba. Mzuri huo, mwanangu, mzuri kweli. Basi imba kwanza. Ukimaliza, ndiyo uje."