Usimtaje Yule Mama

Mpaka swali lile lilipofika, mambo yalikuwa yakienda vizuri. Wasaili wawili, mwanamke na mwanamume, walikuwa wamemsikiliza Apakuki Nadruku akieleza jinsi alivyopima ardhi ya mabondeni kule Sigatoka, nao wakawa wakiitikia kwa vichwa. Kisha yule mwanamke akauliza, kwa upole tu, "Na kwa nini uliacha kazi pale ulipokuwa?"

Apakuki akafoka.

"Sikuacha. Niliuzwa. Bosi wangu alinitoa huku ananichekea, na mpaka leo ananichafua. Hata nyinyi najua keshawajaza maneno."

Wasaili walitazamana. Yule mwanamume akafunika kalamu yake.

Nje, mvua ya Suva ilikuwa ikimwagika kama kawaida yake. Vasemaca, mkewe, alikuwa akimngoja barazani. Alimtazama usoni mara moja tu.

"Umemtaja tena yule mama."

"Ulitaka ninyamaze, Vase, na huku ananichinja?"

"Baba Litia, wewe unashindwa mlangoni, kabla hujakaa kitini. Watu wale hawana ugomvi na wewe. Wanachokiona ni mtu aliyefura."

Apakuki akashuka mvuani. Moyoni alijua kilichotokea. Kampuni ya Bi Kamlesh Wati ilipopungukiwa na kazi, wapimaji wawili walipunguzwa: yeye na binamu yake Filimone. Siku ya kuagana, Bi Kamlesh alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaahidi kumsemea vizuri popote watakapomuulizia. Apakuki aliondoka akimwamini kama mama yake mzazi. Ndiyo maana iliuma.

Habari zote alizipata kwa Filimone, ambaye bado alikuwa na karani rafiki pale ofisini. Kila Apakuki alipoitwa kwenye usaili, Filimone alikuja jioni na fungu lake la yakona, mizizi ya kile kinywaji chao cha kulewesha. Walikuwa watani tangu utotoni.

"Hodi! Nimekuja kumwona mpimaji mkuu wa magodoro!"

"Karibu, wewe uliyepotea na ramani mkononi."

"Ramani niliishika juu chini, binamu. Kosa la karatasi."

Wangecheka, wangekamua mizizi katika bakuli, wangepiga makofi kama ilivyo desturi na kunywa kifuu baada ya kifuu. Kisha Filimone angeinamisha kichwa.

"Sikutaka kukwambia leo, na kesho una jambo zito. Lakini damu ni damu. Yule mama amesema tena."

Na Apakuki angekesha macho kavu, akijibizana na Bi Kamlesh gizani.

Baada ya usaili ule wa mvua, walihamia Nausori, nyumbani kwa wazazi wa Vasemaca. Apakuki aliacha kunyoa ndevu. Shemeji zake walimpisha mezani kama anavyopishwa mgonjwa. Ndipo kampuni moja ya mji wa Lautoka ilipompigia simu: walitaka mpima ardhi mwenye uzoefu, nyumba ya kuishi ipo.

Vasemaca alimpigia pasi shati yeye mwenyewe. "Safari hii usimtaje," alisihi. "Jibu unaloulizwa, utabasamu, utoke. Kazi unaijua. Nenda kama mtu anayeijua."

Kwa mara ya kwanza baada ya miezi, Apakuki alijitazama kwenye kioo na kujiona.

Jioni ile Filimone alifika bila utani. Safari hii alileta maneno yenyewe, yalivyosemwa: kwamba Bi Kamlesh amewaambia watu wa Lautoka kuwa Apakuki ni mlevi wa yakona, mvivu, na vipimo vyake mtu asivitegemee.

"Sasa niende kufanya nini?" aliuliza Apakuki.

"Mimi siwezi kukukataza, binamu. Naogopa tu aibu."

Asubuhi Apakuki aliwapigia Lautoka simu, akasema haendi. Kisha akampigia Filimone. "Nenda wewe. Angalau mmoja wetu ale."

"Mimi? Nani ananijua mimi?" Lakini alikwenda, kwa basi la kwanza alilolipata.

Vasemaca alilia, kisha akanyamaza, na kile kimya ndicho kilichomtoa Apakuki nyumbani siku iliyofuata. Alikwenda moja kwa moja Samabula, ofisini kwa Bi Kamlesh, akaingia bila kubisha.

Yule mama aliinuka kwa furaha. "Apakuki! Kaa, wanakuletea chai..."

"Sikufuata chai! Nilikukosea nini? Umewaambia watu mimi mlevi, mvivu, vipimo vyangu si vya kutegemewa! Miaka yote ile nimetembea matopeni kwa ajili yako, ukaona malipo yangu ni hayo?"

Bi Kamlesh alibaki na mkono hewani. Akaketi polepole, kama mtu anayetafuta kiti gizani.

"Kila aliyeniuliza habari zako," alisema, "nilimwambia akuchukue haraka kabla hujachukuliwa na wengine. Nao wakawa wananirudia: huyu mtu wako ana nini, mbona anakutukana? Nikazitetea hasira zako. Nikasema ana uchungu, utamwisha."

"Basi maneno hayo yametoka wapi?"

"Kinywani mwangu," alisema Bi Kamlesh. "Niliyasema juu ya Filimone, maana kila ofisi uliyoomba wewe naye aliomba, nao wakaniuliza habari zake; na yeye mwenyewe nilimwambia usoni. Lautoka walibaki na majina mawili tu, lako na lake, na jana wamenipigia kuniambia lako umeliondoa mwenyewe."